Naomba ushauri: nianze na spika, amplifaya au sindano ya kuchezea santuri?
Habari zenu wakuu. Marehemu baba aliniachia santuri za Morogoro Jazz na Super Volcano, bendi za Mbaraka Mwinshehe, nyingi zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Miaka yote nimesikiliza nyimbo hizo kwenye simu na kispika cha bluetooth. Mwezi uliopita nikazipeleka kwa jirani mwenye amplifaya ya zamani na spika mbili kubwa za mbao. Jamani! Nilisikia besi ikitembea, gitaa la rizimu likijibizana na la solo, hata pumzi ya mpiga saksafoni. Sikuwahi kumsikia Mbaraka Mwinshehe namna ile, na machozi yalinitoka.

Sasa nina laki tano. Najua spika ndogo haisukumi hewa ya kutosha kutoa besi, na MP3 ya kbps 128, yaani faili la muziki lililobanwa sana, imeshaondolewa sehemu nyingi za sauti. Fundi ananishauri ninunue sabufa (spika ya besi) tu, lakini zile nilizosikia zinavuma mpaka zinafunika magitaa. Pia naogopa sindano iliyochakaa isije ikala santuri za mzee.

Mlionunua amplifaya na spika za mtumba, mlikagua nini kabla ya kulipa? Na sindano nzuri kwa hapa Dar zinapatikana wapi?