Usaha sikioni mwa mtoto, bibi yake anataka kutia mafuta

Mama Rehema, Busia (upande wa Uganda)
Ndugu zangu habari. Kijana wangu ana mwaka na miezi minne. Alianza mafua Jumapili. Jana usiku hakulala: nikimbeba anatulia, nikimlaza tu analia na kujivuta sikio la kushoto. Ziwa anashika, anaachia. Leo asubuhi nimekuta doa la njano kwenye foronya, linanuka, na mwenyewe anacheza kama hakuna kitu. Mama mkwe anasema tutie mafuta ya simsim ya vuguvugu. Nifanye nini?

Nesi wa Arua
Pole mama. Usitie mafuta, wala maziwa ya ziwa. Kutulia kwake kusikudanganye: ngoma ya sikio imetoboka, usaha umepata njia, ndiyo maana maumivu yamepungua. Ugonjwa bado upo. Mafua ndiyo yaliyouleta. Kwa mtoto mdogo mrija wa kutoka kooni kwenda sikioni ni mfupi na umelala, vijidudu hupita upesi.

Nenda kituo cha afya leo. Usaha wa chini ya siku 14 kwa kawaida hutibiwa kwa amoksisilini siku 5, na parasetamo ya maumivu. Zimalize zote 5 hata akichangamka siku ya pili. Nimeona nusu dozi nyingi mno zimefichwa kabatini.

Nyumbani, kausha sikio mara 3 kwa siku. Kata kitambaa safi cha pamba, kisokote kama utambi wa taa, ingiza polepole, kikilowa toa, weka kingine, hadi kitoke kikavu. Usikiache humo. Njiti ya kiberiti, hapana kabisa.

Kabla hujatoka, pitisha kidole nyuma ya sikio. Ukikuta uvimbe unaomuuma, au hanyonyi kabisa, panda boda moja kwa moja hospitali.

Baba Swaleh, Bombo
Msikilize nesi. Wa kwetu tulimtia mafuta, usaha ukawa unakauka na kurudi karibu mwaka mzima. Ukimwita kutoka nyuma hageuki, nami nikamchapa kwa ukaidi. Mwalimu wake ndiye aliyegundua hasikii vizuri. Kiboko kile kinaniuma mimi mpaka leo.

Mama Rehema
Tumerudi. Uvimbe hakuna. Wamempa vidonge vya kuyeyusha kwenye maji. Utambi wa kwanza ulitoka njano tupu, wa nne mkavu. Mama mkwe ndiye aliyemshika kichwa.