Tupeane uzoefu: embe na nyanya za msimu kwenye chupa, zifike masika bila kuharibika

Mwenye_Jungu (mwanzisha uzi)

Wadau wa jikoni, poleni na joto. Embe zimejaa, nyanya bei imeshuka, na kila wikendi kuna watu uani wanachoma kitu. Anayehifadhi kwa mikono yake atupe njia yake kwa vipimo: kilo ngapi, chumvi kiasi gani, dakika ngapi motoni, na kipi huharibu kazi. "Weka kiasi" haimsaidii anayeanza.

Naweka msingi kwanza, maana hapa ndipo watu huumia. Kinachotunza chakula ndani ya chupa ni uchachu wake, si kukaza kifuniko. Kuna bakteria wa udongoni aitwaye Clostridium botulinum. Akiwa kwenye ganda lake gumu hafi kwa maji yanayochemka, na mahali pasipo hewa ndipo anapostawi. Kwa hiyo chupa iliyofungwa vizuri yenye chakula kisicho na uchachu ni nyumba yake kabisa, na sumu yake yaweza kuwemo bila harufu wala ladha kubadilika. Kinachomzuia ni pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umeongezeka) ya 4.6 kushuka chini.

Embe mbichi, ndimu, ukwaju na siki viko upande salama. Nyanya na embe mbivu viko mpakani, lazima viongezwe uchachu. Maharage, nyama, samaki, mahindi na uyoga mtupu usiviweke kwenye chupa kwa njia ya maji ya kuchemka, hata ukikesha jikoni.

Bi_Chumbageni

Achari ya embe, kwa kilo 2 za vipande.

Chagua embe mbichi ngumu ambazo kokwa limeanza kukomaa lakini kisu kizito bado kinalipasua. Kata kikonyo, uziinamishe saa nzima utomvu udondoke. Utomvu huo huchoma ngozi na huacha uchungu kwenye achari. Osha, futa, acha zikauke kabisa ndipo ukate na ganda lake, upana wa kidole.

Changanya na chumvi ya mawe iliyotwangwa gramu 200 na manjano vijiko 2 vya chai, kwenye beseni la plastiki au bakuli la udongo. Alumini hapana, asidi inaila. Chumvi ya paketi hufanya maji yawe meupe kama wingu kwa sababu ya dawa wanayoweka isigande. Funika hadi kesho yake, geuza mara mbili tatu. Embe zitatoa maji, chuja. Tandaza vipande kwenye ungo juani siku 2, na jua likianza kuzama ingiza ndani, umande unarudisha maji yote uliyoyatoa. Kipande kilichokauka sawasawa hukunjika bila kukatika na hakilowanishi kidole.

Viungo: haradali gramu 60, pilipili kavu gramu 40, uwatu gramu 20, thomu (kitunguu saumu) gramu 100, tangawizi gramu 50. Uwatu ukaange kwa moto mdogo mpaka unukie tu; ukiwa kahawia iliyokolea, achari nzima inakuwa chungu na hakuna sukari itakayoirudisha. Thomu na tangawizi zichemshe dakika 5 ndani ya siki ml 750 na sukari gramu 150. Siki isome lebo: asidi asilimia 5. Chini ya hapo usinunue kwa kazi hii.

Siki ikipoa changanya vyote, kisha mimina mafuta ml 250 yaliyopashwa moto yakapozwa. Jaza chupa kavu, shindilia vipande vizame. Usiile kabla ya wiki 2, ganda bado linakuwa gumu.

Ukungu ukitokea, angalia mambo mawili: kipande kilichoelea juu ya siki, au kijiko kilichoingia na maji.

Kaskazi_Juu

Shikamoo Bi. Wengine husema mafuta yakifunika juu kwa kidole kimoja, siki si lazima. Je, ni sawa?

Bi_Chumbageni

Marahaba mwanangu. Si sawa. Mafuta yanazuia hewa tu, na ukungu ndio unaohitaji hewa. Yule bakteria aliyetajwa juu hana haja nayo. Kwenye embe mbichi unasalimika kwa uchachu wa embe lenyewe pamoja na chumvi. Njia hiyohiyo ukiihamishia kwenye thomu tupu au pilipili na thomu ndani ya mafuta, umeandaa sumu. Thomu kwenye mafuta inakaa kwenye friji, siku 4 mwisho, basi.

Sufuria_la_Tengeru

Jemu ya embe. Kiasi cha rojo ni kilo 1 (embe nzima kama kilo 1.7), sukari gramu 750, maji ya ndimu ml 60. Robo ya embe ziwe ndio kwanza zinaanza kugeuka rangi, kwa sababu pektini inayogandisha jemu hupungua tunda linavyoiva. Mbegu na maganda meupe ya ndani ya limau yafunge kwenye kitambaa, yachemke humo humo, uyakamue mwishoni.

Rojo na ndimu kwanza, dakika 10 bila kufunika. Punguza moto, tia sukari, koroga mpaka usisikie chenga chini ya mwiko, ndipo uongeze moto. Ukiharakisha hapa, sukari hurudi kuwa mawe ndani ya chupa baada ya wiki chache.

Sasa suala la mwinuko, ambalo wengi wa huku kwetu hawaambiwi. Vitabu vinasema jemu imeiva ikifika nyuzi 105. Hiyo ni pwani, ambako maji huchemka nyuzi 100. Joto la maji kuchemka hushuka takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300 unazopanda. Arusha mjini, kwenye mita 1,400 hivi, yanachemka karibu nyuzi 95. Kipimo chako ni nyuzi 4 hadi 5 juu ya maji ya kwako, kwa hiyo hapa ni 99 au 100. Ukiisubiri 105 Arusha unapakua halua. Asiye na kipimajoto aweke kisahani kwenye friza, adondoshee jemu, asukume kwa kidole baada ya dakika moja: ikikunja uso imeiva.

Usipike zaidi ya kilo 2 za rojo kwa mkupuo. Chungu kikubwa huchelewa kukauka, pektini inavunjika na rangi inageuka ya tope.

Jaza ikiwa moto, acha robo inchi juu, chemsha chupa dakika 10 pwani, 15 kuanzia mita 300 hadi 1,800 (Arusha, Nairobi, Iringa), na 20 kupita hapo, kama Njombe.

Mkulima_wa_Ilula

Nyanya. Chagua aina ya Tanya, Cal J au Rio Grande, zenye nyama nyingi na mbegu chache. Kilo 10 hutoa kama lita 3 za rojo zito, kwa hiyo piga hesabu ya chupa mapema. Iliyooza upande mmoja usiikate ukatumia upande mzima: kuoza kunapunguza uchachu wa nyanya yote.

Zitumbukize kwenye maji yanayochemka nusu dakika hadi moja mpaka ganda lipasuke, kisha maji baridi. Hapa kuna siri ya rojo lisilojitenga maji chini na nyama juu. Usikate zote ukaziacha beseni. Kata chache, zichemke papo hapo huku ukiziponda, na zinazofuata uziingize kidogo kidogo kwenye sufuria inayochemka. Nyanya iliyokatwa ikikaa bila moto, kimeng'enya chake kinakula pektini na maji yanajitenga.

Uchachu unawekwa kwenye kila chupa, si kwenye sufuria, ili kila moja ipate haki yake. Kwa chupa ya nusu lita: asidi ya sitriki ya unga robo kijiko cha chai, au maji ya limau ya dukani kijiko 1 kikubwa. Ndimu mbichi hazilingani ukali, kwa nyanya siziamini. Ladha ikiwa kali, tia sukari kidogo siku ya kupika; asidi usiipunguze.

Muda wa kuchemsha nusu lita: dakika 35 pwani, 45 huku kwetu Ilula, Iringa, 50 kupita mita 1,800. Vitunguu, hoho, karoti na unga wa kuongeza uzito visubiri siku ya kupika. Mboga hizo zinashusha uchachu, na unga unazuia joto kufika katikati ya chupa.

Fundi_Vifuniko

Naona watu wanapita haraka kwenye chupa, na ndiko hasara iliko.

Pitisha kidole kwenye mdomo wa chupa kabla ya yote. Kijipengo cha ukubwa wa punje ya mchele kinatosha kuvujisha. Kifuniko cha bati cha kuzungusha kina utando laini ndani yake, unaoshika alama ya mdomo wa chupa ya kwanza. Mara ya pili alama haikai palepale. Nunua vipya kwenye maduka ya vifungashio, Kariakoo au mjini kwako, uende na chupa yako mkononi upimishe. Chupa za mayonezi zilizotumika ziweke achari ya friji.

Sufuria iwe na kina, chini ukunje kitambaa nene ili kioo kisiguse bati. Chupa ya moto iingie kwenye maji ya moto. Chupa baridi kwenye maji ya moto inapasuka kitako, na inakatika duara safi kabisa kama imepimwa kwa rula. Toa mapovu kwa kijiti cha mshikaki ukizungusha ukutani, futa mdomo kwa kitambaa chenye maji moto, funga kwa ncha za vidole tu. Ukikaza kwa nguvu, hewa haina pa kutokea na kifuniko kinakunjamana.

Maji yapite juu ya vifuniko inchi 1. Muda unahesabiwa yakianza kutokota. Wapishi wa mkaa, ongezeni makaa kabla ya moto kushuka, kwa sababu maji yakiacha kutokota unaanza kuhesabu upya tangu sifuri. Muda ukiisha zima, subiri dakika 5, toa chupa zikiwa wima, ziweke juu ya mbao au taulo. Sakafu ya saruji au vigae inazipasua. Zikae saa 12 hadi 24 bila kuguswa. Kisha bonyeza katikati ya kifuniko: kikilia "tak" hakikushika. Ndani ya saa 24 unaweza kuchemsha upya kwa kifuniko kipya. La sivyo, friji.

Ughaibuni_Minnesota

Wadau, huku nyanya zinakuja Agosti na Septemba, na chupa ni za Mason, kifuniko vipande viwili: bapa na pete. Bapa ni la mara moja, pete inarudiwa. Chupa zikipoa vueni pete kabla ya kuhifadhi. Ikibaki, inashikilia bapa lililoachia na hutajua.

Kwa wanaoulizia maharage: yanawezekana kwa presha ya kuhifadhia tu, ile kubwa yenye kipimo, inayofika nyuzi 116. Loweka saa 12, chemsha dakika 30, jaza ukiacha inchi 1. Acha mvuke utoke dakika 10 ndipo ufunge tundu. Nusu lita dakika 75, lita moja dakika 90, kwa presha ya pauni 10 (kipimo cha uzito) ukiwa chini ya mita 300. Juu ya hapo ni pauni 15. Presha ndogo ya kupikia maharage ya jioni haifai kwa kazi hii: inapata moto na kupoa haraka mno, na muda huo wa kupanda na kushuka umo ndani ya hesabu.

Mkaa_Mweupe

Mimi ni upande wa kula. Chachandu ya watu 10: embe mbichi 2 zilizokunwa, nyanya 4, pilipili mbuzi 2, saumu punje 4, ukwaju gramu 50 uliolowekwa kwenye maji ml 150 ukachujwa, chumvi. Chemsha vyote dakika 10, saga nusu tu ili embe lisikike mdomoni. Friji siku 4. Hii siiweki kwenye chupa ya kudumu, uchachu wake hubadilika na embe.

Mishkaki: kilo 1 ya nyama, papai bichi lililosagwa na ganda kijiko 1 kikubwa, saa 2 mwisho. Ikilala na papai, asubuhi nje ni ungaunga. Makaa yasubiri mpaka yavae jivu jeupe. Na gawa chachandu bakuli mbili tangu mwanzo, moja ya kupaka nyama mbichi, nyingine ya mezani. Zisikutane. Joto likizidi nyuzi 32, na Dar mwezi huu linazidi mchana, nyama iliyoiva isikae nje zaidi ya saa 1.

Kaskazi_Juu

Swali la mwisho. Chupa ya nyanya ya mwezi jana kifuniko kimevimba. Nikiichemsha vizuri itafaa?

Mwenye_Jungu

Usiifungue, usionje hata kwa ncha ya ulimi. Ifunge kwenye mifuko miwili, itupe pasipofikiwa na mbwa wala kuku. Kama imevuja kabatini, vaa glavu, changanya jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 5, lowesha pale dakika 30 ndipo ufute, na kitambaa ukitupe. Halafu toa chupa zote za mkupuo ule, bonyeza vifuniko kimoja kimoja, na utuandikie hapa uliweka asidi kiasi gani na ulichemsha dakika ngapi, ukiwa mita ngapi.