Nina pumu, nataka kuanza kukimbia: nianzeje?

Swali
Wadau, nikikimbia kidogo tu kifua kinabana, tena kinazidi nikishasimama. Nina inhela ya bluu ya salbutamol peke yake. Niivute lini, na nianze kwa mwendo gani?

Jibu
Kubana baada ya kusimama ndiyo tabia ya pumu ya mazoezi. Ukihema kwa nguvu, hewa kavu hukausha njia za hewa, misuli inayozizunguka hukaza, na hali huwa mbaya zaidi dakika 5 hadi 15 baada ya kuacha. Salbutamol kwa kawaida huvutwa mipulizo 2, dakika 10 hadi 15 kabla ya mbio; thibitisha na daktari wako. Tikisa inhela, toa pumzi, bonyeza huku ukianza kuvuta taratibu, kisha zuia pumzi sekunde 10. Mpulizo mmoja kwa wakati.

Usiruke kupasha mwili moto. Tembea haraka dakika 10, kisha kimbia sekunde 30 mara 4 au 5, ukipumzika katikati. Wengi hubanwa kidogo zaidi wakikimbia bila kufanya hivyo. Wiki za mwanzo kimbia dakika 1, tembea 2, jumla dakika 20. Ukishindwa kutamka sentensi nzima, punguza mwendo. Ukimaliza, tembea kwanza, usisimame ghafla.

Jibu
Kabla ya viatu, weka sawa dawa zako. Ya bluu hufungua njia tu, haipunguzi uvimbe uliomo ndani. Miongozo ya GINA, taasisi ya kimataifa ya pumu, tangu 2019 haishauri mtu mzima kuitegemea peke yake. Nenda ukaulize kuhusu inhela yenye steroidi, dawa inayopunguza uvimbe huo, na ukipewa, sukutua mdomo kila baada ya kuivuta. Kuamka usiku kwa kukohoa ni dalili kwamba pumu haijatulia, na hapo mbio zisubiri.

Muulizaji
Asanteni sana. Na kikibana njiani, au siku za baridi?

Jibu
Baridi: funika pua na mdomo kwa skafu. Ukiwa na mafua, au kukiwa na moshi, pumzika.

Kikibana, simama, kaa wima, usilale. Vuta mpulizo 1 kila sekunde 30 hadi 60, usizidi 10. Midomo ikibadilika rangi, ukishindwa kuongea, au mipulizo 10 isipoleta nafuu, itisha msaada wa dharura mara moja. Kwa hiyo inhela ikae mfukoni, siyo nyumbani. Hata ikitulia, usirudi mbioni siku hiyo.

Jambo moja husahaulika: mluzi ukisikika kooni unapovuta hewa ndani, na inhela haisaidii kabisa, huenda ni nyuzi za sauti zinazojifunga. Mweleze daktari hivyo hivyo, maana tiba yake ni mazoezi ya kupumua, siyo kuongezewa dawa ya pumu.