Mrejesho: muhuri wa Kiholanzi wenye simba na nyota

Niliuliza kama kofia ya chuma iliyo juu ya ngao, kwenye muhuri wa shaba wa Uholanzi, inathibitisha ukoo wa makabaila. Asanteni sana, jibu ni hapana. Kule hata mfanyabiashara wa kawaida aliweza kujitungia nembo ya ukoo (michoro kwenye ngao), kofia ikiwemo.

Kosa langu lilikuwa kuisoma shaba yenyewe. Imechongwa kinyume, hivyo simba alionekana kutazama upande usio wake. Nimeikandamiza kwenye plastisini (udongo laini wa kufinyanga), si lakiri ya moto: lakiri hunasa kwenye mistari myembamba, na ukiikwangua unaharibu mchoro. Kisha nikamulika tochi kwa ubavu, karibu usawa wa meza. Hapo mistari inayowakilisha rangi za nembo ikajitokeza! Ya wima nyuma ya simba ni nyekundu, vitone mwilini mwake ni dhahabu. Ya mlalo ingekuwa bluu. Patupu ni fedha. Lakini msiiamini moja kwa moja, maana wachongaji wengine waliitia kama urembo tu.

Kitabu cha nembo cha Rietstap (chapa ya pili, 1884–1887) kimepangwa kwa majina ya koo, kwa hiyo bila jina hakisaidii. Anzeni na faharasa yake iliyotungwa na Renesse, iliyopangwa kwa michoro. Imenipa majina kadhaa, ninayoyalinganisha sasa na mkusanyiko wa nembo wa Muschart ulioko CBG, kituo cha historia ya koo mjini Den Haag, uliotokana kwa sehemu kubwa na mihuri. Koo zisizo na undugu zaweza kuwa na nembo ileile, kwa hiyo bado nahitaji hati yenye lakiri ya muhuri huu pamoja na saini.