Nani aliwapa wahariri mamlaka ya kutuchagulia matatizo?

Ndugu zangu, uzi huu nauandika kwa hasira.

Mwezi uliopita nilihudhuria kikao cha hadhara cha kujadili bajeti ya maji. Katika nusu saa ya kwanza wajumbe wawili walirushiana maneno makali, mmoja akapiga meza hadi glasi ikadondoka na kupasuka, na kamera zote zikawageukia wao. Mhasibu alipofungua jedwali la fedha na kuanza kueleza kwa nini fungu la ukarabati wa mabomba limepunguzwa, wanahabari walikuwa wamekwisha kukunja nyaya zao na kuondoka. Usiku taarifa ya habari ilirudia ile glasi mara tatu, na mabomba hayakutajwa hata kwa neno moja. Siku zilizofuata viongozi waliulizwa juu ya nidhamu ya wajumbe, wakaunda kamati ya nidhamu, na bajeti ikapita vilevile ilivyoletwa.

Msiniambie kwamba hiyo ni bahati mbaya ya siku moja. Katika uchaguzi wa Marekani wa mwaka 1968, watafiti McCombs na Shaw waliwahoji wapigakura 100 wa mji wa Chapel Hill ambao walikuwa bado hawajaamua wamchague nani, kisha wakalinganisha mambo ambayo watu hao waliyaona kuwa mazito na yale yaliyopewa nafasi kubwa katika habari, wakakuta mpangilio unakaribiana mno. Huenda chombo cha habari kisiweze kukulazimisha umpende mgombea fulani, lakini kinaweza kukuchagulia mizani ya kumpimia, na mwanasiasa anayeijua mizani hiyo hahangaiki na kitu kisichopimwa.

Muda wenyewe wa kupima nao umenyofolewa. Mtafiti wa vyombo vya habari Daniel Hallin alionyesha kwamba katika habari za televisheni za Marekani, mgombea urais alisikika akizungumza mfululizo kwa wastani wa sekunde 43 mwaka 1968, na kufikia mwaka 1988 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi sekunde 9. Ni sera gani ya afya au ya kodi inayoelezeka kwa sekunde 9? Kinachotosha humo ni kejeli, na ndiyo maana tunalishwa kejeli.

Linaloniumiza zaidi ni hili. Wachumi Eisensee na Strömberg walichunguza maafa ya asili yapatayo 5,000 yaliyotokea duniani kati ya mwaka 1968 na 2002, wakabaini kwamba serikali ya Marekani haikuwa nyepesi kutoa msaada pale maafa yalipoangukia wakati habari zimejaa mambo mengine, kama vile Michezo ya Olimpiki. Yaani mtu aliyefukiwa na kifusi alikosa msaada kwa sababu siku hiyo kulikuwa na mbio. Ukame na njaa hupata nafasi finyu zaidi katika habari, kwa kuwa huua polepole na havina picha ya kushtua.

Wahariri husema wanawapa watu wanachokitaka. Sisi tuliobaki ukumbini hadi mwisho, tukinakili tarakimu za mhasibu kwa kalamu, nani alituuliza tunataka nini?

Nimekiandikia kituo kile barua mbili, nikiuliza ni lini fungu la mabomba litajadiliwa hewani. Hadi leo sijajibiwa.