Mliokulia na "bab'kubwa", tupeane uzoefu

Leo kwenye daladala konda kamwambia dereva "muziki wako bab'kubwa", yaani mzuri kupita kiasi, nikarudi Ilala miaka ya 90 ghafla. Raba mpya, bab'kubwa. Dagaa wa kukaanga, bab'kubwa. Nyie mlilisemea wapi na mnaona lilitokana na nini?

— Umenikumbusha mbali sana mkuu.

— Mlikuwa mnaharibu lugha tu. Babu ni mtu, ilitakiwa babu mkubwa.

— Hapo ndo utamu ulipo sasa! Ukikuza kitu unakitoa ngeli ya watu, mtu mkubwa anakuwa jitu kubwa. Wareno walituachia bomba, likawa la maji, tukaligeuza sifa, nani alilalamika? Na poa si chai ndo ilikuwa inapoa?

— Hilo la ngeli mimi lilinitoa machozi. 1996, niko la sita, likizo mama akanipeleka Kilwa kwa babu mzaa mama, sijawahi kumwona. Daraja la Mkapa la Mto Rufiji bado halijajengwa, tukalala Ndundu tunasubiri pantoni ya kuvuka, mbu kama wote. Babu katoka baharini na samaki aina ya changu, kamchoma mwenyewe kwa makumbi ya nazi, kamkamulia ndimu, akaninyofolea mnofu wa shavuni akanitia mkononi. Kuonja tu nikapiga kelele "bab'kubwa!" Akauliza umesemaje? Nikarudia. Akanawa mikono akainuka. "Mjukuu nimemsubiri miaka yote, anakuja kuniita kubwa kama gogo." Mama anamweleza ni maneno ya Dar, wapi, siku mbili hanisemeshi. Ya tatu alfajiri akaniamsha twende ngalawani, nikamwomba radhi huko majini, akasema "haya, shika kamba hiyo". Sikumwona tena baada ya likizo ile. Neno hilo mpaka leo silitamki.

— Dah. Pole ndugu yangu.

— Mbele ya wazee maneno ya kijiweni unayaacha mlangoni, ungesema tamu sana babu, basi.

— Mtoto wa la sita angejuaje? Achana na huyo. Ningekuwa wewe ningelisema kila nikila changu, ndo kumkumbuka huko.

— Usithubutu, Kilwa hawachezei Kiswahili.

— Mimi niliyesema mnaharibu lugha, pole mkuu. Ila makumbi si yanamtia samaki moshi?

— Babu alisubiri moshi uishe wote, yabaki makaa, ndo akamweka.