Mstari mmoja wa Forth unachora pembetatu ya Sierpinski. Kwa nini?

mlinzi_wa_zamu
Habari za usiku wakuu. Nalinda ghala, zamu ni ndefu, basi huwa nabeba laptopu kuukuu yenye memori ya giga moja. Mengi haiwezi, ila Gforth, programu ya kuendesha lugha ya kompyuta iitwayo Forth, haiisumbui hata kidogo. Juzi nimeandika hivi:

`: p 32 0 do cr 32 0 do i j and if space else 42 emit then loop loop ; p`

Pembetatu ndani ya pembetatu ndani ya pembetatu! Sini hakuna, desimali hakuna. Hiyo 42 ni namba ya nyota tu. Nimezihesabu kwa kidole kwenye kioo, mara mbili: 243. Mwenzangu wa zamu ya mchana kaandika vilevile kwa lugha ya C, akaweka `&&`, akapata nyota mstari wa juu na ukingo wa kushoto basi, kwingine kweupe. Sasa ananiambia Forth yangu mbovu.

bi_hesabu
Forth yako nzima. Hapo j ni namba ya mstari, i ni nafasi ndani ya mstari, na nyota inawekwa jibu likiwa sifuri. `&&` inauliza tu kama namba zote mbili si sifuri. `and` ya Forth inalinganisha biti kwa biti, yaani zile 0 na 1 zinazounda namba. 5 na 2 ni 101 na 010: hakuna 1 zilizokutana, jibu sifuri, nyota. 5 na 3 ni 101 na 011: zimekutana mwishoni, pengo.

Sasa kata mraba wako robo nne. Robo ya chini kulia, i na j zote ni 16 kwenda juu, zina biti ya 16, lazima zigongane, kwa hiyo robo nzima tupu. Robo tatu zilizobaki biti hiyo haigongani na kitu. Zinaamua biti nne za chini, na kila robo inakuwa mchoro uleule wa 16. Huo nao ni nakala tatu za 8, hivyo hivyo hadi chini. 3 × 3 × 3 × 3 × 3 ni 243. Kidole chako kiko sawa.

Mwenzako aondoe `&` moja. Akitumia `== 0` aweke mabano, maana C huanza na `==`.

kaka_biti
Ukitaka kilele kiwe juu:

`: s 16 0 do cr 15 i - spaces 16 0 do i j invert and if 2 spaces else ." * " then loop loop ; s`

Hiyo ni pembetatu ya Pascal, ile ya namba ambapo kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake: witiri nyota, shufwa pengo. Mwanahisabati Sierpiński aliandika kuhusu umbo hili 1915, kompyuta hazipo.

mlinzi_wa_zamu
Bi Hesabu, shikamoo. Nimeelewa kwenye robo, kwenye biti bado najikokota. Nikajaribu 128, dirisha langu lina herufi 80, mistari ikajikunja ikawa kama mkeka uliokanyagwa na mbuzi. Nimerudi 64, nyota 729, safari hii nimeiachia mashine ihesabu.

Mwenzangu kaondoa `&` moja, kaweka `== 0`, mabano kasahau. Kapata nyota mstari wa juu tu, moja ipo, moja haipo. Bado anailaumu Forth.